Mto wa Pauni Arobaini

Nimesimama dukani, Hull, jioni ya Jumanne,
orodha mkononi. Mwandiko wa Mwanakheri umepinda,
kwa kuwa ameandika kwa mkono mmoja.
Wa pili ulikuwa na mtu wa siku tisa.

Rafu ni ndefu kama foleni ya pasipoti.
Pampu ya mkono, pampu ya umeme,
pampu ya kuvaliwa ndani ya sidiria, isiyo na waya,
inayotuma habari za maziwa kwenye simu
kana kwamba maziwa ni mshahara.
Chuchu za plastiki. Pedi za kutupa, pedi za kufua.
Mafuta ya sufu ya kondoo, kwa ngozi iliyopasuka:
hayo nayachukua kwanza,
maana jana alfajiri nilimwona akiuma khanga
mtoto alipokamata,
nami nimesimama mlangoni, chai inapoa,
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kisha nauona mto.
Umepinda kama mwezi mchanga, una picha za tembo,
pauni arobaini.
Arobaini! Mama mkwe angecheka kule Pangani:
sisi mzazi tunamhesabia arobaini kwa siku,
hawa wanaihesabu kwa pesa.

Naugeuza. Mimi hushona mito ya karavani,
saa nane kwa siku, tangu mwaka juzi;
uzi unaodanganya naujua.
Mshono huu ni wa haraka, sindano imeruka mara tatu,
na ndani pamba haikushiba.
Naurudisha rafuni taratibu,
kama anayemrudisha mtoto wa watu kwa mama yake.

Mama mkwe naye ana orodha, ya kusemwa kwa simu:
uwatu uloweke, uji utie pilipili manga,
supu ya pweza. "Huko pweza yupo?"
Yupo, Mama. Amegandishwa.
"Basi mchemshe mpaka akubali."

Na asubuhi alikuja mkunga, Bi Glenys, viatu mkononi.
Akatazama, hakusifu wala hakulaumu.
Akasema mdomo ufunguke kwanza, kama wa mpiga miayo,
kidevu kiguse, asishike chuchu peke yake,
mlete mtoto kwenye ziwa, si ziwa kwa mtoto.
Pampu msubiri; ikihitajika, kituo kinaazima.
Akakisukuma kidevu kwa kidole kimoja tu,
na Mwanakheri akaiachia khanga.
Kidole hicho nimekitafuta rafu nzima. Hakiuzwi.

Kwa hiyo kikapuni: mafuta, pedi za kufua jozi sita,
na chupa kubwa ya maji yenye mrija,
ambayo haikuwa kwenye orodha.
Hii nimeichagua mwenyewe.
Saa tisa za usiku kiu humbana
mtoto akishakamata tu, si kabla,
na glasi huwa mbali, hata ikiwa hapo mezani.

Basi linapita kando ya Humber,
maji ya rangi ya chai ya maziwa, mto usiolipiwa.
Lugha yangu inanichekesha peke yangu, kiti cha nyuma:
mto nimeukataa, naelekea ziwani.

Usiku naivuta cherehani kutoka chini ya kitanda.
Nina masalio ya kitambaa cha viti, kijani, kigumu kidogo,
nimeyabembeleza kwa msimamizi tangu Ijumaa.
Nashona mwezi wangu, mshono mara mbili,
naushindilia sponji mpaka unashiba.
Si mzuri. Hauna tembo hata mmoja.

Mwanakheri anaupokea, anaubonyeza,
anauangalia mshono kwa jicho la mke wa fundi,
halafu anauweka nyuma ya mgongo wake mwenyewe.
"Hapa ndipo panaponiuma."

Mtoto anampakata mkononi tu, bila kitu.
Mdomo unafunguka, kidevu kinagusa.
Namshikia mrija.
Anakunywa, na mwenzake anakunywa,
nami nimechuchumaa katikati yao nasikiliza
mikupuo miwili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo,
haiendi pamoja.